Alhamisi za Shamimu

Mtoni, Temeke
12 Februari 2023

Dada Zuena,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Sohar na kazi zinakwenda. Sie huku wazima, ila joto la mwezi huu si la kawaida, na maji ya bomba yanatoka yakijisikia.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Sijawahi kukuandikia, na namba yangu umeifunga tangu tulipogombana ile Iddi ya mwaka juzi. Nimeandika kwenye daftari la vipimo vya wateja wangu wa cherehani, nikamwomba kaka yako Nurdin aipige picha akutumie. Kasema kutuma atatuma, kujibu ni juu yako.

Ni habari za Shamimu. Haumwi homa, usishtuke. Ila mtoto ametushinda. Tangu bibi yake afariki, Mungu amrehemu, akaja kukaa na sie, huu ni mwaka wa pili. Mwanzo tulisema ni msiba, utapita. Haukupita. Anapiga, anauma, anatukana matusi ambayo mie na utu uzima wangu sijayatamka. Mwezi jana alimrushia mwenzake jiwe shuleni akamvunja jino. Wiki iliyofuata alichukua mkasi wangu akakatakata vitambaa vya sare za kichenpati ya watu, mita kumi na nane, kisha akakaa juu ya vipande kunisubiri nirudi, aone nitafanya nini.

Shule ilitaka kumfukuza. Aliyemtetea ni Mwalimu Fransis, mwalimu wake wa darasa. Alisema, "Mpelekeni kwanza hospitali, kliniki ya watoto wenye shida za tabia. Mie nitamshikia nafasi yake." Tumekwenda. Wamempima masikio, macho, wameangalia kama ana kifafa, hana. Sasa tuko kwa mwanasaikolojia, dada mmoja wa Masasi anaitwa Demetria. Tunamwona kila Alhamisi.

Huyo Demetria ananiuliza maswali siwezi kuyajibu. Alitembea lini? Alikuwa analala na nani? Nani alimlea kabla hajafika miaka mitano? Mume wangu Badru, ingawa ndiye baba yake, anasema yeye hajui, mlishaachana. Bibi kaondoka na aliyoyajua. Umebaki wewe, dada.

Nakuomba, si kwa ajili yangu. Niandikie chochote unachokumbuka.

Mdogo wako,
Najat


Sohar
3 Machi 2023

Najat,

Salaam. Mie mzima.

Nimesoma mara tatu ili nihakikishe sijakuelewa vibaya. Mwanangu nilimwacha ana adabu zake, anajua kuamkia watu, anasoma Alhamdu yote bila kukosea. Mtoto halali binadamu akaamka mnyama. Jiulize anaishi na nani.

Tena umempeleka kwa madaktari wa vichaa, Mtoni nzima imwone! Akikua nani atamwoa? Mbona hamkumwita shehe akamsomea? Watu wangapi wametengemaa kwa kisomo tu.

Na hayo maswali, mwambie huyo Demetria wako mie si wa kuhojiwa. Nasimama jikoni kwa watu kuanzia alfajiri mpaka miguu inavimba, kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Nilipokuwa naye alikula, alivaa, alilala. Jibu ndilo hilo.

Kama amekushinda sema. Nitamwambia Nurdin aje amchukue.

Mama Shamimu


Mtoni
9 Machi 2023

Dada Zuena,

Assalaam alaykum, shikamoo. Hujambo lakini? Mfungo unakaribia, Mungu atufikishe sote salama. Kwanza nakushukuru kwa kunijibu. Kweli nakushukuru. Niliogopa utaichana, ingawa sijui picha inachanwaje.

Kisomo tulifanya, dada. Shehe alikuja nyumbani siku tatu mfululizo. Ya tatu alimwita Badru pembeni akamwambia, "Dua tumeomba na tutaendelea kuomba. Lakini mtoto ana jambo huyu, hospitali nako mwende."

Umeniambia nijiulize anaishi na nani. Nimejiuliza. Nitakwambia ukweli ambao hata Badru alikuwa haujui wote.

Mwezi wa kumi na mbili Shamimu alimmwagia mwanangu Talha uji wa moto mguuni. Talha hata mwaka na nusu hajafika. Ngozi ilibanduka. Tuliporudi kutoka kufungwa kidonda, nilimpiga Shamimu kwa waya wa pasi. Ana alama kwenye paja la kushoto, haitafutika. Kisha nikaanza kumfungia. Jirani alinishauri: akianza vurugu mshike mkono, mtie stoo, funga mlango mpaka anyamaze. Nimefanya hivyo miezi miwili. Hanyamazi. Anapiga kichwa mlangoni mpaka anatoka damu. Siku moja nilimtilia nguo zake kwenye mfuko nikamtoa barazani nikamwambia, "Nenda." Alikaa pale kimya na mfuko wake, hakulia hata chozi, kama mtu aliyezoea.

Hayo nilimwambia Demetria Alhamisi iliyopita. Nilidhani ataniitia polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, umekuja. Wengi hawaji. Kuanzia leo waya basi, na stoo basi. Nitakuonyesha la kufanya badala yake, na afisa ustawi wa jamii atakuwa anapita nyumbani kuwaangalia watoto wote wawili. Tumekubaliana?" Nikamwambia tumekubaliana. Nililia mpaka mtandio ukalowa, na nilitoka pale mwepesi, dada, sijui nikuelezeje.

Kwa hiyo si wewe peke yako unayeulizwa. Mie nimeshaanza kujibu.

Na hajanishinda. Nilisema vibaya. Nurdin asije.

Mdogo wako,
Najat


Sohar
2 Juni 2023

Mdogo wangu Najat,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Habari za siku nyingi? Mguu wa Talha umepona? Hilo ndilo ninaloliwaza kila nikikumbuka barua yako.

Nisamehe kwa kimya changu. Mfungo umeingia umetoka, Iddi imepita, na mie kila siku nasema leo naandika. Barua yako nimeisomea chooni, maana mwenye nyumba hapendi kutuona na simu mkononi.

Nilitaka nikuchukie kwa ule waya. Nilijaribu kweli. Kila nikianza kukuandikia matusi, mkono unakataa.

Shamimu alipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, Badru keshaniacha. Nikapata kazi ya kuosha vyombo hotelini mjini, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mtoto nilimwacha kwa mama mmoja mpangaji mwenzangu, aliyekuwa anaangalia watoto watano. Siku moja nimerudi, namwogesha, naona alama kwenye kifundo cha mguu, duara zima, na nyingine kwenye kiwiko cha mkono. Nikamuuliza, "Nani kakufanya hivi?" Akasema, "Kamba ya kitanda." Alikuwa anafungwa kwenye mguu wa kitanda, mlango unapigwa kufuli, yule mama anakwenda zake sokoni.

Najat, nilijua. Nilimpaka mafuta ya nazi, nikanyamaza, na kesho yake saa kumi na moja nikampeleka tena pale pale. Nisipokwenda kazini hatuli. Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, mpaka nilipomhamishia kwa mama yangu.

La pili. Siku naondoka kuja huku, Januari 2019, wakubwa waliniambia nisimuage mtoto, atalia nitaghairi. Nikamwambia, "Nakwenda dukani kukununulia biskuti, nisubiri hapa mlangoni." Marehemu mama alinihadithia baadaye kwamba alikaa pale mpaka giza likaingia, na kesho yake akaenda kukaa tena, na keshokutwa. Nilipopiga simu hakutaka kuishika. Mama akasema, mwache, watoto husahau.

Mwambie Demetria. Mwambie yote, na jina langu umtajie. Sijawahi kumwambia mtu haya, na sijui kwa nini nimeweza kukwambia wewe.

Dada yako,
Zuena


Mtoni
25 Juni 2023

Dada yangu Zuena,

Assalaam alaykum, shikamoo. Mguu wa Talha umepona, alhamdulillah, sasa mbio zake hatumkamati. Na wewe miguu yako je? Jioni uiweke juu ya mto.

Barua yako niliisoma mbele ya Demetria, na Badru alikuwepo. Badru kliniki alikuwa anaikwepa, mara zamu, mara kichwa. Siku hiyo alikuja, na nilipofika pale pa kamba ya kitanda akaniambia, "Ngoja." Kisha akasema, "Na mie nilikuwa wapi?" Tangu siku hiyo hajakosa Alhamisi hata moja. Kazini kwake Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme, anabadilishana zamu na wenzake.

Demetria alinieleza taratibu. Ninapomshika Shamimu kiwiko na kumfungia mlango, mtoto hanioni mie. Anaona kule Mbagala. Anapigania roho yake. Dada, nilikuwa namrudisha kule kwa mikono yangu mwenyewe, kila siku, nikidhani namfunza adabu.

Tulipofika nyumbani Badru alichukua bisibisi akaling'oa komeo la mlango wa stoo. Shamimu akasimama anamtazama.

"Baba, unalitoa la nini?"

"Nyumba hii hafungiwi mtu tena."

Akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Mara kumi nzima. Kisha akaenda kucheza.

Demetria anakusalimu sana. Kasema nikwambie hivi: barua yako imemsaidia kuliko vipimo vyote alivyofanya. Na ulikuwa mama uliyekosa msaada, na mtoto anaweza kupona. Nimemwomba arudie maneno hayo ili niyaandike kama alivyoyasema.

Nakushukuru, dada. Najua ilivyokuchoma kuyaandika.

Mdogo wako,
Najat


Sohar
14 Julai 2023

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam, marahaba. Mie mzima, miguu haijambo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nakaanga, vitunguu vya watu vikaungua, nikasemwa mpaka jioni. Sikujali. "Mtoto anaweza kupona." Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi, yako chini ya godoro.

Asante. Leo sina lingine. Niambie mnamfanyia nini huko, kila kitu, hata kidogo namna gani. Namba yako nimeifungua.

Dada yako,
Zuena


Mtoni
19 Novemba 2023

Dada Zuena,

Assalaam alaykum, shikamoo. Habari za kazi? Sie wazima, mvua zinatunyeshea na barabara yetu ni tope tupu. Tumekuwa tukisemeshana kwenye simu, lakini uliniomba nikuandikie kila kitu, na kwenye simu vocha inaisha sijafika popote.

Mie nilidhani kuna dawa au sindano. Kwa Shamimu hawakutoa. Dawa karibu yote tumeinywa sie wakubwa.

Kila siku robo saa nakaa naye mkekani, anachagua yeye mchezo. Siruhusiwi kumfundisha, kumhoji wala kumkosoa. Siku ya kwanza alichagua kuwa fundi, mie mteja. Akanizungushia tepu kiunoni, akakunja uso, akasema, "Mama, kitambaa ulicholeta hakitoshi, wewe mnene." Nilicheka mpaka nikalala chini, na yeye akacheka. Ndipo nikagundua kwamba miaka miwili hatujawahi kucheka pamoja.

Halafu kumsifia, lakini kwa jambo lenyewe. Siyo "mtoto mzuri," hapana. "Umemvalisha Talha viatu vyake, asante." Mdomo wangu haukuzoea, mwanzoni nilikuwa kama natafuna mchanga. Ninapomtuma, namsogelea, nasema mara moja kwa sauti ya kawaida, nangoja. Zamani nilikuwa napiga kelele kutoka kwenye cherehani. Akipiga mtu, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mlango wazi, dakika tano, na mie nakaa anaponiona. Simgusi kiwiko. Na Mwalimu Fransis anaandika kila siku kwenye kijidaftari jambo moja jema alilofanya Shamimu shuleni. Siku nyingine anahangaika kulipata! Kuna siku aliandika, "Leo amefika mapema." Tukampigia makofi hivyo hivyo.

Usidhani ilikuwa rahisi. Julai alizidi kuliko mwanzo. Demetria alitutahadharisha, kwamba mtoto atatujaribu aone kama tumebadilika kweli. Alivunja kioo cha kabati kwa mchi. Badru akavua mkanda, akasimama nao mkononi. Nikamwita tu jina. Akauvaa tena, akatoka nje kunawa uso kwenye pipa. Majirani walitucheka, wakasema tumeingiwa na uzungu. Afisa ustawi akipita wanachungulia. Lakini Septemba vurugu zilishuka kutoka kila siku hadi mara mbili, mara tatu kwa wiki. Sasa wiki inaweza kupita salama.

Sasa ile simu yako ya Ijumaa, tarehe tatu. Wewe ulisikia upande wako tu, nikueleze wa huku. Ulipomwambia, "Mwanangu, nilikudanganya, sikwenda dukani, nilipanda ndege, na hukuwa umekosea kitu," alinirudishia simu. Akaingia chini ya meza ya cherehani. Nikakaa chini sakafuni karibu yake, kama nilivyofundishwa. Akauliza:

"Kwa hiyo hakupotea?"

"Hakupotea."

"Mie nilidhani kapotea. Nilidhani dukani ni mbali, na mie sikumwonyesha njia."

Dada, miaka minne na miezi kumi mtoto amebeba hilo.

Baada ya hapo alikojoa kitandani siku tatu, na akamuuma Talha begani. Nilitaka kukata tamaa. Siku ya nne aliamka akaniuliza, "Ijumaa bado siku ngapi?" Basi ushike Ijumaa zako, saa ile ile, hata dakika tano. Na Demetria anasisitiza, usimwahidi usichoweza kukitimiza.

Ahsante kwa simu ile.

Mdogo wako,
Najat


Sohar
6 Januari 2024

Mdogo wangu Najat,

Wa alaykum salaam na marahaba. Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Badru na kwa watoto. Mie mzima wa afya na wa moyo.

Hilo la kupotea njia limenilaza siku mbili. Nimwambie nini Mungu? Nimebaki kushukuru kwamba kulikuwa na mtu wa kukaa naye sakafuni siku alipolisema.

Sasa habari yangu. Mkataba unaisha Machi. Mwenye nyumba anataka niongeze miaka miwili, kaniongezea na mshahara. Nimekataa. Nurdin kanitafutia chumba na sebule Pugu, mahali tulivu, nitauza chapati na supu asubuhi. Nafika tarehe tisa Machi, inshallah.

Najat, nitamchukua mwanangu siku hiyo hiyo. Usinielewe vibaya. Ulichofanya sitakisahau mpaka naingia kaburini. Lakini miaka mitano imetosha, siwezi kulala Dar es Salaam usiku hata mmoja mwanangu yuko kwingine. Mwandalie nguo zake.

Dada yako,
Zuena


Mtoni
20 Januari 2024

Dada Zuena,

Assalaam alaykum, shikamoo. Tumeifurahia sana habari ya kuja kwako. Nurdin keshaanza kupaka rangi.

Nisikufiche, nililia. Kwanza nilikasirika, nikasema moyoni, sasa ametengemaa ndiyo unamtaka? Halafu nikaona haya. Aliyeandika ile barua ya kamba ni wewe. Bila ile, mie ningekuwa bado nafunga stoo.

Nilimwambia Demetria. Akaniuliza, "Unaogopa kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yako?" Nikamwambia, "Vyote viwili." Akasema afadhali nimesema.

Kisha akanieleza la kukuomba, na mie nakuomba. Usimchukue siku moja. Shamimu kila alipohama alihamishwa ghafla: kwa mama wa Mbagala, kwa bibi, kwetu. Hakuna mara hata moja aliyoagwa vizuri. Fikia kwa Nurdin, hapa hapa Mtoni. Njoo kila siku, kaa mkekani, mfahamiane upya. Alhamisi mje wote kliniki, wewe uchukue nafasi yangu kidogo kidogo. Baadaye aje Pugu Jumamosi na Jumapili. Shule zikifungwa Juni, ahame, na sie tumsindikize.

Ni mwanao, dada. Sina haki ya kukuzuia na sitakuzuia. Ukija na gari tarehe tisa, utakuta nguo zake zimepigwa pasi. Ila nakuomba.

Mdogo wako,
Najat


Pugu
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Najat,

Assalaam alaykum. Habari za tangu juzi? Talha mafua yameisha? Badru mpe salamu zake. Sie wazima. Najua utasema Pugu na Mtoni ni pua na mdomo, barua ya nini. Utaona.

Kwanza nataka kusema jambo ambalo ana kwa ana nashindwa, maana nikianza na wewe unaanza kuongelea vitambaa. Tarehe tisa Machi niliteremka uwanja wa ndege na nia yangu ile ile. Gari nilishamwambia Nurdin akodi. Njiani nikafungua barua yako ya mwisho kwenye simu, nikafika pale uliposema nguo zitakuwa zimepigwa pasi. Nikamwambia Nurdin, "Twende kwako kwanza." Nilipokuja jioni, Shamimu alinipa mkono kama mgeni, akaenda kusimama nyuma yako. Ingekuwa nimemvuta siku ile, sijui leo tungekuwa wapi.

Nilikaa kwenye mkeka wako miezi mitatu. Mke wa mume wangu wa zamani ananifundisha kucheza na mwanangu! Mtaani walikuwa wanapita makusudi kutuangalia. Hukunifanya hata siku moja nijione mpumbavu. Nilipokosea ulingoja tutoke nje ndipo unaniambia, "Dada, jaribu tena, lakini msogelee kwanza." Na Demetria Alhamisi ya kwanza niliingia nikiwa nimejiandaa kuhukumiwa, akaniuliza kama nimekunywa chai. Mwenyezi Mungu awalipe nyote, na Mwalimu Fransis na kijidaftari chake. Shule ya huku nimewaonyesha kile kijidaftari, mwalimu mpya kakubali kukiendeleza.

Sasa habari yenyewe. Jana Jumamosi mvua ilinyesha, Nurdin akashindwa kuja kumleta kwenu. Mie nilikuwa barazani nasukuma chapati, nikamwambia Shamimu kwa kupiga kelele kutoka huko huko, "Leo huendi, utakwenda wiki ijayo!" Kosa langu, najua, usiseme. Akamwaga beseni la unga wote sakafuni. Nilipoingia akanirushia kikombe, kikanipata juu ya jicho. Damu ikatoka.

Najat, mkono wangu ulikwenda juu. Niliuona uko juu. Yeye naye aliuona, akafumba macho akingoja. Nikaushusha. Nikamwonyesha kigoda, mlango wazi, nikakaa kizingitini anaponiona, nimebana kanga kwenye jicho. Akanitukana matusi yote ya mjini. Mke wa mwenye nyumba akatoka akasema, "Mtie makofi huyo!" Nikamwambia, "Asante mama, tunamalizia." Dakika tano zikawa ishirini. Nilikuwa peke yangu, hakuna wewe wala Demetria, na sikukimbia, wala yeye hakukimbia.

Kisha akanyamaza. Akainuka, akachukua ufagio, akaukusanya unga wote mwenyewe. Akaja akanishika hapa juu ya jicho.

"Inauma?"

"Inauma."

"Nilikasirika kwa sababu nilitaka kumwona Talha." Akaokota kikombe. "Samahani, mama."

Sikumtuma. Wallahi sikumwambia neno.

Usiku tunakula, akaacha kula, akaniuliza, "Utamwambia mamdogo?"

Nikamuuliza, "Unataka nisimwambie?"

Akatikisa kichwa. "Mwambie. Ila mwandikie, ukipiga simu utasahau nusu. Mwambie nimekupiga na kikombe. Na mwambie samahani nimesema mwenyewe, hujanituma."

Basi nimekwambia yote mawili.

Dada yako,
Zuena